Waliokimbia na Waliosema

Barabara itokayo Singida kwenda kaskazini, ikaupita mlima Hanang na mji wa Babati, humfikisha msafiri Arusha. Ni katika nyanda za huko, si mbali na mkoa wetu, ambako Mmarekani Howard Hawks alikuja kati ya mwaka 1960 na 1961 kutengeneza filamu aliyoipa jina la Kiswahili, Hatari!

Hawks alizaliwa tarehe 30 Mei, 1896, katika mji wa Goshen, jimbo la Indiana. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akatumikia kikosi cha anga cha jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na alikuwa mpenzi mkubwa wa magari ya mashindano. Hatushangai kwamba mtu wa namna hiyo hakuridhika na filamu za watu walioketi wakizungumza.

Filamu zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, mwigizaji alikuwa mfungwa wa kipaza sauti. Akisogea mbali nacho, maneno yake hupotea. Baadaye kipaza sauti kilitundikwa kwenye mti mrefu juu ya vichwa vya waigizaji, na kamera ikawekwa juu ya magurudumu ili iwafuate. Hawks aliutumia vema uhuru huo. Katika His Girl Friday ya mwaka 1940, ambayo kisa chake ni cha ofisi ya gazeti, kamera inamfuata mwandishi mwanamke akikatiza kati ya meza za wenzake huku akisalimiana nao, na watu wanadakizana maneno kama tufanyavyo sote.

Hapa Tanganyika kazi ilikuwa nzito zaidi. Gari lilimkimbiza kifaru, mwigizaji John Wayne ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele nje ya gari, na wapiga picha wakienda sambamba naye. Waigizaji waliwakamata wanyama wao wenyewe. Na kwa kuwa kifaru hapokei maelekezo, ilibidi mazungumzo yafuate matukio.

Hapo ndipo sifa zetu kwake zinapokoma. Katika filamu hiyo wageni wanakimbia na kusema. Wenyeji wanakimbia, lakini maneno waliyopewa ni haba. Haikuwa kwa kukosa uwezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Watanganyika walikwisha kuigiza kwa Kiswahili katika filamu ya Muhogo Mchungu. Mmoja wao, Rashidi Mfaume Kawawa, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu mwezi Januari 1962, mwaka ule ule Hatari! ilipoanza kuonyeshwa. Ndugu zetu wa Visiwani watamkumbuka kama Makamu wa Pili wa Rais baada ya Muungano.

Hawks alifariki dunia tarehe 26 Desemba, 1977, huko California. Ametuachia funzo na onyo pia.

Funzo ni kwa vijana wetu wanaopiga filamu kwa simu. Mkulima wa alizeti asiketishwe kitini ili azungumze. Na aseme huku akitembea shambani mwake. Upepo wa Singida ni mkali na humeza maneno, hivyo kipaza sauti kidogo kifungwe kifuani pake na kufunikwa vizuri.

Onyo ni kwa maofisa watiao sahihi vibali vya kupiga filamu, Bara na Zanzibar, ambako tamasha la kimataifa la filamu lilianza mwaka 1998. Pamoja na kuuliza ni magari mangapi yatakayokuja na ada kiasi gani italipwa, hapana budi waulize pia: katika filamu hii, mwananchi wa hapa atasema nini, na kwa lugha gani? Nchi iliyoikopesha filamu jina lake ilistahili kukopeshwa sauti.