Mzee Felix Wankel na injini yangu iliyokufa njia ya Nzega

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa na msiba wa aina yake: injini ya gari langu ilikufa kabla sijafika Nzega. Wanaonifahamu hapa Tabora wanajua ni gari gani. Ni ile Mazda RX-7 ya miaka ya 80, yenye turbo, inayolia kama nyuki waliochokozwa ikipita Isevya. Watoto wanaikimbilia, mafundi wanaikimbia.

Nilikaa chini ya mwembe nikisubiri lori la kunivuta, kwenye upande uleule ambao misafara ya Wanyamwezi ilipita zamani na mizigo ya nguo na shanga kwenda Karagwe na Buganda. Hapo nikamlaani mtu mmoja: Felix Wankel, Mjerumani aliyebuni mashine hii. Hasira zilipopoa nikaanza kusoma habari zake. Jamaa huyu si wa kueleweka kirahisi.

Alizaliwa Lahr, kusini magharibi mwa Ujerumani, tarehe 13 Agosti 1902. Baba yake, mtu wa misitu, aliuawa vitani mwaka 1914, mwaka uleule reli ya Wajerumani ilipotoka hapa kwetu ikafika Kigoma. Mama akabaki na mtoto mmoja, na mfumuko wa bei baada ya vita ukala akiba yote. Kwa hiyo chuo kikuu hakukanyaga. Aliuza vitabu Heidelberg, na mwaka 1924 akafungua kakarakana kadogo. Macho yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba hakuwahi kupata leseni ya udereva maisha yake yote. Yaani mtu aliyebadilisha injini ya gari, mwenyewe haendeshi!

Wazo lake lilikuwa hili. Injini ya kawaida ina pistoni inayopanda na kushuka, inasimama juu, inasimama chini, na kila mara nguvu inapotea. Kwa nini kitu kisizunguke tu? Mwaka 1929 aliomba hataza yake ya kwanza. Leo ukiifungua injini yangu utakuta rota mbili zenye pembe tatu, kama kitumbua kilichobanwa pande tatu, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba nane nene. Hakuna vali. Kila pembe ya rota ina kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta ili mgandamizo usivuje. Mafundi wanakiita apeksi sili. Kumbukeni hicho kipande, ndicho kilichoniua.

Sasa hapa ndipo pagumu kwangu. Wankel alikuwa Mnazi. Si wa kulazimishwa, aliingia chama cha Hitler miaka ya 1920 akiwa kijana na akaongoza vijana wa chama huko Baden. Akagombana na bosi wa chama wa jimbo, Robert Wagner, akimtuhumu kwa ufisadi, akatoka mwaka 1932. Wenzake walipotwaa madaraka mwaka 1933 walimtupa jela miezi kadhaa. Wapo wanaotaka kumsafisha kwa kifungo hicho. Mimi sikubali. Ugomvi ulikuwa na Wagner, itikadi aliibeba bado, maana alipotoka serikali hiyohiyo ikampa karakana Lindau atengeneze vali za injini za ndege za kivita, na mwaka 1940 akachukuliwa SS. Aliondolewa huko mwaka 1942. Vita ilipoisha Wafaransa wakaing'oa karakana yake na kumfunga mpaka 1946. Mtu huyohuyo baadaye alipinga vikali wanyama kuteswa kwenye maabara, akaweka tuzo ya kutafuta njia mbadala. Huruma kwa panya! Nimeshindwa kuviunganisha hivyo viwili, nimeviacha.

Mwaka 1951 alianza kazi na kampuni ya NSU, na tarehe 1 Februari 1957 injini ya kwanza ikawaka. Ila ile ya Wankel ilizungusha rota na chumba chake pia, na kubadilisha plagi tu ilibidi uifungue. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akarahisisha: chumba kisimame, rota izunguke. Wankel alikasirika sana, akaona farasi wake wa mbio amegeuzwa wa kulimia. Lakini hiyo ya Paschke ndiyo iliyoingia kwenye magari, mpaka hili langu.

NSU walitoa Ro 80 mwaka 1967, gari zuri sana, na sili zikawa zinaisha haraka. Wenye magari hayo, inasimuliwa, wakipishana barabarani walinyoosha vidole kuonyeshana injini ya ngapi wamefungiwa. Mazda, walionunua leseni mapema, walikuta ukuta wa chumba unachanwa mistari, wakaiita makucha ya shetani. Kenichi Yamamoto na wenzake walihangaika mpaka wakapata sili za kaboni iliyochanganywa na aluminiamu, na Cosmo ikatoka mwaka 1967.

Mwaka 1971 Wankel na washirika wake waliuza kampuni yao ya hataza kwa mark milioni 100. Aliyenunua? Lonrho! Ndio, Lonrho hiyohiyo ya Tiny Rowland ambayo serikali yetu iliifukuza mwaka 1978. Dunia ndogo jamani.

Turbo inaipenda rota, kwa sababu moshi unatoka kwa nguvu na ukiwa wa moto sana. RX-7 ya mwaka 1985 kule Japani ilitoa nguvu za farasi 185 kwa injini ya sisi 1,308 tu. Na hapa Tabora, mita kama 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, turbo inasaidia. Kosa letu lilikuwa mpangilio. Unaanza na pampu ya mafuta na injekta kubwa, rejeta, intakula, unapanga upya kompyuta, ndipo unagusa presha ya turbo. Fundi wangu, jina namhifadhia, aliongeza presha kwanza, mengine tungeyafanya mshahara ukitoka. Nami nilikubali. Petroli ikawa pungufu kuliko hewa, moto ukalipuka kabla ya wakati wake, sili ikakatika, ikapita kwenye turbo ikala na mapanga yake.

Wankel alifariki Heidelberg tarehe 9 Oktoba 1988. Hakuiona Mazda 787B yenye rota nne ikishinda Le Mans mwaka 1991, gari la kwanza la Kijapani kufanya hivyo.

Injini yangu iko kwenye turubai uani. Rota moja nzima, nyingine imechanika ubavu. Wife anasema tufunge ya Corolla, ina pistoni nne na spea kila duka. Sijamjibu. Mwenye chumba kizima cha nyuma cha 13B, Dar au Mwanza, tuwasiliane. Na safari hii nachanganya oili ya tu-stroki kwenye tangi, kama zile Vespa za zamani.