Mtakatifu Yosefina Bakhita, Aliyewasamehe Watesi Wake

Bakhita alizaliwa Darfur, katika nchi ya Sudani, yapata mwaka 1869. Angali mtoto alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara nyingi. Kwa hofu alilisahau jina lake. Hilo la Bakhita, maana yake mwenye bahati, alipewa na watesi. Mke wa jemadari mmoja Mturuki aliamuru achanjwe mwilini kwa wembe, na majeraha yakatiwa chumvi. Makovu yale alikaa nayo siku zote.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia, kisha akawekwa kwa Masista Wakanossa mjini Venezia, akafundishwa dini. Bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikaamua kwamba yu huru; tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, na mwaka 1896 akaweka nadhiri za utawa.

Angalieni vema, ndugu: utumwa hakuuita mwema, wala hakukubali kuurudia. Walakini alinena ya kuwa, kama angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwani kwa njia ile alipata kumjua Kristu.

Alifariki mjini Schio tarehe 8 Februari 1947, akatangazwa Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Basi tusingoje kovu lifutike ndipo tusamehe. Tusalipo Baba Yetu, tumtaje mbele ya Mungu yule aliyetukosea.