Sayyida Salme binti Said (1844–1924): Maisha Yake na Swali la Shajara Yetu

Kamati ya mkutano imenitaka niandike katika kijitabu chetu maisha ya mtu mashuhuri wa zamani aliyetoka kwetu akafia ugenini. Najua baadhi yenu mlitarajia nimchague mwanachuoni au kiongozi. Nimemchagua binti wa kifalme aliyeiacha dini ya wazazi wake akiwa na umri wa miaka 22, na kwa mwaka huu sikuona mtu anayefaa zaidi. Mwaka huu ndipo tunapokusudia kuchapa shajara ya ukoo kwa mara ya kwanza, na tayari pameulizwa, kwa barua na kwa simu, iwapo majina ya waliotoka katika dini yaandikwe au yaachwe. Kabla hatujajibu, tumtazame huyu.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyeijaza Unguja mikarafuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi, aliyetekwa angali mtoto mdogo vitani huko kwao na kufikishwa kwetu baada ya kupoteza wazazi. Tulikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia: mama wa binti huyu hakuzaliwa katika lugha yetu, wala hakuichagua safari iliyomleta.

Jumba la Mtoni lilikuwa na watu wa kila rangi na kila lugha. Watoto walisomeshwa Kurani, lakini mabinti walifundishwa kusoma tu, kwani kuandika hakukuonekana kuwafaa. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akiziiga herufi za msahafu kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto. Elimu hiyo ya kuibia ndiyo iliyomwingiza katika misukosuko yake ya mwanzo, na ndiyo iliyolihifadhi jina lake.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman. Salme, mwenye miaka 12, alihesabiwa mtu mzima na akapewa mirathi yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, kipindupindu kilimchukua mama yake. Mwaka huohuo ndugu yake Sayyid Barghash alifanya njama ya kumpindua kaka yao, Sayyid Majid, aliyekuwa ameshika utawala. Dada yao Khole alimvuta Salme upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, msichana huyo wa miaka 15 akawa katibu wa njama. Uasi ulishindwa kwa msaada wa manowari ya Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme akajitenga shamba. Baadaye alipatana na Majid, na kwa kupatana naye akampoteza Khole, na hasa akampoteza Barghash, ambaye hakulisahau jambo hilo.

Basi mtazameni binti huyu alivyokuwa miaka ya 1860: hana baba, hana mama, na ndugu zake wamegawika pande mbili asiwe na pande anayoiamini. Ndipo alipohamia mjini, katika nyumba iliyopakana na ya mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, kijana aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba za Mji Mkongwe, kama wakumbukavyo wazee wetu, zimekaribiana hata madirisha yanaonana. Ujirani ukawa urafiki, na urafiki ukawa mapenzi.

Mwaka 1866 alikuwa na mimba. Sheria hairuhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, na kwa binti wa nyumba ya kifalme aibu hiyo ilikuwa hatari ya maisha. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, wakati wa Siku ya Mwaka, wanawake wanapokwenda pwani kukoga, alipanda mashua kwa msaada wa mke wa daktari wa ubalozi wa Kiingereza, akaingia katika manowari iitwayo Highflyer na kupelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Disemba. Alikaa Aden miezi tisa akimngoja Ruete amalize shughuli zake Unguja. Sayyid Majid, ambaye angeweza kumfanyia ubaya Mjerumani yule, hakumfanyia.

Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Waingereza la Aden, Salme alibatizwa na kuitwa Emily. Siku hiyohiyo alifungishwa ndoa, na siku hiyohiyo wakapanda meli kuelekea Ulaya. Mambo matatu ambayo kila moja lingemtosha mtu kwa mwaka mzima yalimpata kati ya asubuhi na jioni. Baadaye aliandika kwamba aliingia katika dini mpya bila ya kufundishwa maana yake. Mtoto wao wa kwanza alikufa njiani, katika ardhi ya Ufaransa, kabla hawajafika Hamburg.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye swali letu. Mtu akitoka katika dini, sisi hudhani kwamba amekaa akapima hoja na hoja, kisha akachagua. Wachache huwa hivyo, nao wastahili kujibiwa kwa elimu. Lakini katika umri wangu, na nimeishi nchi mbili, nimewaona wengi zaidi waliotoka kwa mlango mwingine kabisa: mapenzi, hofu, msiba usiopata mfariji, au upweke katika mji wa baridi ambapo Idi inapita bila ya mtu kugonga mlango. Salme hakushindwa na hoja ya kasisi yeyote. Alikuwa yatima mwenye mimba aliyeona njia moja tu ya kumbakisha hai yeye na mtoto wake.

Huko Hamburg walipata watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Binti wawili hao walipewa pia majina ya Kiarabu, Thawka na Ghuza, na mtoto wa kiume akachukua jina la babu yake. Agosti 1870, mdogo wao akiwa na miezi minne, Ruete alianguka kutoka gari la abiria la reli za mjini na kufa kwa majeraha. Salme akabaki mjane wa miaka 25, asiyeijua vyema lugha ya nchi, na kwa sheria ya Hamburg mali ya watoto ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Mali ikapukutika. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Majid naye akafariki, na aliyekalia kiti akawa Barghash.

Wapo waliouliza, na labda nanyi mnauliza, kwa nini hakurudi. Jibu lake lilikuwa watoto. Walizaliwa na kubatizwa Ujerumani, na baba yao alitaka wakulie huko. Akahama Hamburg, akaishi Dresden, Rudolstadt na Berlin, akipata riziki kwa kufundisha Kiarabu na Kiswahili. Binti wa Sayyid Said akawa mwalimu wa kulipwa kwa saa.

Alijaribu mara tatu kupatana na jamaa zake. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alivuka bahari kumfuata. Waingereza hawakutaka mkutano huo uwaharibie mambo yao na Sultani. Mjumbe wao, Sir Bartle Frere, alimshawishi aache, kwa ahadi kwamba watoto wake watasaidiwa, nayo ahadi hiyo haikutimizwa. Mwaka 1885 Wajerumani walimpeleka Unguja katika meli iitwayo Adler, pamoja na manowari zao, kwa kuwa madai yake ya mirathi yaliwafaa katika tamaa yao ya kuitwaa pwani. Alitembea tena katika vichochoro vya mji aliouacha miaka 19 nyuma, na watu wa mji wakamiminika kumwona na kumwamkia. Barghash alikataa kumpokea. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, na Sayyid Khalifa bin Said ndiye mtawala. Napo pia hakupata kitu. Serikali mbili kubwa zilimtumia zilipomhitaji na kumwacha zilipomaliza, na ndugu zake hawakumfungulia.

Dini nayo ilikuwaje moyoni mwake? Aliandika, kwa uchungu, kwamba alitoka kwao Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na kwamba Ulaya ilimfanya Mkristo hafifu na Mjerumani nusu. Kumbukumbu zake, zilizochapwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, ni kitabu cha mtu anayeitetea nyumba aliyoiacha. Aliwaeleza Wazungu kwamba mwanamke wa Kiislamu ana haki na mali yake, na kwamba watu wa kwetu wana adabu na imani ambazo wao hawazijui. Aliutetea hata utumwa, na hilo sisi hatuwezi kulikubali, kwani wapo katika ukoo wetu wenyewe waliotokana na watu walioletwa kwa minyororo. Lakini anayekisoma hawezi kudhani kwamba kimeandikwa na adui wa Uislamu. Ubatizo wa siku moja haukuyafuta malezi ya miaka 22.

Kuanzia mwaka 1889 aliihama Ujerumani. Akaishi Jaffa, kisha Beirut kuanzia mwaka 1892 hadi 1914, katika nchi ambazo adhana na kengele husikika katika mtaa mmoja na Kiarabu ndicho cha sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya Zanzibar katika zama za Sayyid Khalifa bin Harub ilimpatia posho ndogo. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, na akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Katika vitu vyake pakaonekana kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye.

Sasa turudi kwenye shajara yetu. Nilifanya kazi miaka 11 katika masijala ya serikali Unguja, na baada ya kuhama nikiwa mtu mzima, miaka 24 katika ofisi ya halmashauri hapa Uingereza. Kazi hiyo ilinifunza kanuni moja. Jalada halichanwi kwa sababu mwenye jalada amekosea. Likichanwa, hasara si yake peke yake, kwani majalada mengine yote yaliyolitaja hubaki na pengo ambalo hakuna ajuaye kulisoma.

Tazameni yaliyotokea kwa nyumba ya Sayyid Said. Mlango ulifungwa kwa Salme, lakini ni Salme aliyetuachia habari za ndani za jumba la Mtoni: nani alilala wapi, watoto walisomeshwaje, mama yake alipendwaje, baba yake alisali na kuamua vipi. Katika watoto wote wa Sayyid Said, hakuna mwingine aliyetuachia kitabu kama hicho. Na mwanawe Rudolph, aliyelelewa Mkristo, ndiye aliyechapa mwaka 1929 kitabu cha maisha ya babu yake Said bin Sultan, na akakusanya maandishi ya familia yaliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi. Tawi lililokatwa ndilo lililoutunza mti.

Naelewa hofu ya wale waliotaka majina fulani yaachwe. Hawataki vijana waone kwamba kutoka katika dini ni jambo jepesi. Nami sisemi kwamba ni jepesi. Mimi ni Mwislamu, natumaini kufa Mwislamu, na kila mmoja wetu aliyeondoka huniuma. Lakini maisha ya Salme hayamfanyi mtu aone wepesi wowote, na ndiyo maana yafaa kusimuliwa. Ama shajara, hiyo si daftari la imani. Ni kumbukumbu ya nani alizaliwa na nani, na haki ya damu haiandikwi wala kufutwa na kamati. Hukumu ya moyo ina Mwenyewe.

Tena tukianza kufuta waliotoka, itatulazimu tuulize pia kuhusu walioingia. Bibi zetu wangapi, kama Jilfidan, walikuja na majina mengine na dini nyingine, wakasilimu nyumbani kwetu, na leo ndio tunaojivunia kuwa wajukuu wao? Nao kwao walikotoka walikuwa na mama waliolia. Kama tuliwapokea wao kwa mkono mmoja, haifai mkono wa pili uwe wa kufuta.

Kwa hiyo rai yangu kwa mkutano ni hii. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo huu aandikwe, jina alilopewa na wazazi wake na jina analolitumia leo, bila ya alama wala maelezo. Na barua za mwaliko zipelekwe kwa wote, pamoja na wale ambao hatujawaandikia miaka mingi. Wakija, chai ipo. Wasipokuja, tutakuwa sisi si waliofunga mlango.

Mola atuongoze sote, awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe mkutano ujao tukiwa wengi zaidi kuliko mwaka huu.

Wabillahi tawfiq.