Hukwe Zawose na Hesabu ya Sauti

Wanachuo wenzangu, hosteli kwetu ubishi wa vinanda hauishi. Mwenye cha sauti 32 anamcheka mwenye cha sauti 8. Mimi mtoto wa Mgori, Singida, naujibu kwa maisha ya jirani yetu wa Dodoma, marehemu Hukwe Zawose.

Kwanza tuelewane. Kwenye sinthesaiza, hesabu ya sauti siyo ile orodha ya piano, filimbi na gitaa. Ni idadi ya nota zinazoweza kulia kwa pamoja. Minimoog ya mwaka 1970 ilikuwa na sauti moja: bonyeza vitufe vitatu, italia nota moja tu. Prophet-5 ya 1978 ilikuwa na tano. Ukiongeza kidole cha sita, nota mojawapo inanyamazishwa ili mpya ipate nafasi. Vinanda vingi vinakupa uchague: mono, nota moja moja, poli, kila kitufe na sauti yake, unisoni, sauti zote zinalundikwa kwenye nota moja ili inenepe.

Sasa Zawose. Alizaliwa Ugogoni mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, akawa mwanamuziki wa taifa. Baadaye alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia, akarekodi Chibite (1996), kisha Assembly (2002) pamoja na Michael Brook. Alifariki Desemba 2003.

Ilimba yake aliipiga kwa vidole gumba viwili. Kwa hesabu ya hosteli, hizo ni sauti mbili, basi! Lakini kati ya vijiti vya chuma alivyovigusa vilikuwepo vingine asivyovigusa kabisa, vilivyotegwa vitetemeke vyenyewe jirani yao anapolia. Juu yake aliweka koo lililoshuka hadi besi na kupanda juu kabisa, na njuga mguuni. Na Wagogo wakiimba kikundi, kila mmoja hushika njia yake. Mwimbaji wa sita akiingia, hakuna anayenyamazishwa. Hiyo ndiyo poli yenyewe.

Kwa nini nayasema haya? Kule Mgori vijana wa kwaya wanachanga pesa za kinanda kikubwa, na tayari kuna hoja kwamba ngoma na zeze vikae stoo. Yaani wazee wanaojua kuvipiga wakae tu benchi. Zawose hakuikataa mitambo. Kwenye Assembly alikaa nayo studio moja, ilimba ikiwa mkononi. Kwa hiyo likizo ijayo kikao kikikaa, kura yangu ni hii: tununue kinanda cha sauti chache, chenji imlipe fundi wa zeze afundishe wadogo zetu wawili watatu. Kinanda kikiharibika tutanunua kingine. Fundi akiondoka bila mwanafunzi, hakuna duka la kwenda.