Bose, mwalimu aliyetaka sayansi isemwe kwa lugha ya nyumbani

Satyendra Nath Bose alizaliwa Kolkata, India, tarehe 1 Januari 1894. Mwaka 1921 alianza kufundisha fizikia katika chuo kikuu kipya cha Dhaka, ambao leo ni mji mkuu wa Bangladesh.

Mwaka 1924 aliandika makala fupi kuhusu chembe za mwanga. Sisi Muheza tukiwa na machungwa mawili yaliyofanana, tunaweza kusema hili la kwanza, hili la pili. Bose alizihesabu chembe zake kama vitu visivyoweza kutofautishwa hivyo. Alimpelekea makala Albert Einstein, aliyeitafsiri kwa Kijerumani ikachapishwa, kisha akaipeleka hesabu hiyo kwenye atomi. Einstein aliona kwamba atomi za aina fulani zikipozwa mno, nyingi zitatulia pamoja katika hali moja ya kwanta, yaani ile yenye nishati ndogo kabisa.

Wakati huo hapakuwa na njia ya kuzipoza kiasi hicho. Bose alifariki tarehe 4 Februari 1974.

Mwaka 1995, huko Boulder, Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman walimulika atomi za rubidi kwa leza kutoka pande zote ili kuzipunguzia mwendo, kwa kuwa joto ni mwendo wa atomi. Kisha waliziacha zenye kasi zaidi zitoroke, kama mvuke unavyoondoka na joto la chai. Wakaliachia wingu lililobaki litanuke, wakalimulika, na kamera ikapiga picha ya kivuli chake. Atomi zenye mwendo zilikuwa zimesambaa. Katikati palionekana fungu zito la zile zilizotulia katika hali moja.

Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Wolfgang Ketterle. Bose hakuipata kamwe, ingawa kundi zima la chembe huitwa bozoni kwa heshima yake.

Sisi tunamkumbuka pia kwa sababu nyingine. Mwaka 1948 alianzisha jumuiya ya kueneza sayansi kwa Kibengali, lugha ya kwao. Kiingereza alikijua, na ndicho alichoandikia makala yake. Mtoto wetu anayesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi hukutana nayo kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Akinyamaza darasani, tusiharakishe kusema hana akili. Huenda jibu analo, neno ndilo hana.