Shule Katikati ya Mto

Je, unamjua John Berry Meachum? Alizaliwa mtumwa huko Virginia, Marekani, mwaka 1789. Alikuwa seremala hodari. Kwa fedha za kazi yake alinunua uhuru wake, kisha wa baba yake. Alihamia mji wa St. Louis, kando ya mto Mississippi. Huko aliwafundisha watu weusi kusoma.

Mwaka 1847 jimbo la Missouri lilipiga marufuku kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Inasimuliwa kwamba Meachum alihamishia shule yake ndani ya meli, katikati ya mto. Inasemekana mto ulikuwa chini ya serikali kuu, si chini ya jimbo.

Alifariki mwaka 1854. Wewe leo husomi kwa kujificha. Basi, usikose darasa.