Louis Pasteur: chanjo iliyookoa watu, na hatari iliyojificha ndani yake

Jina la Pasteur kila mutu analijua hapa kwetu, lakini wengi wanafikiri ni mutumishi wa kanisa. Huyu wa leo hakuhubiri. Alikuwa mutu wa maabara, na jina lake liko mpaka sasa kwenye pakiti ya maziwa: « pasteurisé ». Tunaandika habari yake juu ya dawa ya wazimu wa imbwa, ile ugonjwa wanaita « la rage ». Tena, juu wazazi wengi mu makambi na mu cité bado wanaogopa chanjo, wakisema inaweza kufanya mwili upigane na yenyewe. Ule woga haukutoka bure. Maisha ya Pasteur yanaonyesha mzizi wake uko wapi, na namna gani uling'olewa.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 mu muji wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa Napoleon, halafu akawa fundi wa kutengeneza ngozi za nyama. Hawakuwa matajiri. Walihamia Arbois. Pale, mwaka 1831, Louis akiwa na miaka 8, imbwa wa pori mwenye wazimu alishuka akauma watu. Waliumwa wakapelekwa kwa fundi wa chuma, naye akachoma vidonda vyao kwa chuma chekundu. Njo dawa yenye ilikuwako. Hata vile, kadhaa walikufa.

Alisoma Paris, akawa profesa wa kemia. Hakuwa munganga, tukumbuke neno hili. Mwaka 1849 alioa Marie Laurent, wakazaa watoto watano. Mabinti watatu walikufa wangali wadogo, wawili kati yao kwa tifoidi. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, damu iliharibika mu ubongo wake, upande wa kushoto wa mwili ukalemaa. Lakini aliendelea na kazi, akichechemea.

Alikuwa ameonyesha kwamba vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho njo vinafanya divai igeuke na maziwa yachache. Baadaye akatafuta vidudu vya magonjwa. Mwaka 1881, pale Pouilly-le-Fort, alichanja nusu ya kundi la kondoo juu ya kimeta, halafu wote wakatiwa kidudu chenyewe. Wenye chanjo walibaki wazima. Wengine walikufa.

Halafu akaja kwa ugonjwa wa utoto wake. Kidudu cha wazimu wa imbwa hakuweza kukiona, juu ni virusi, na darubini za wakati ule hazikuweza kuonyesha kitu kidogo vile. Lakini alijua kinaishi mu ubongo na mu uti wa mugongo. Pamoja na musaidizi wake Emile Roux, alipitisha ugonjwa kutoka sungura mumoja mpaka mwingine. Kisha uti wa mugongo wa sungura ulitundikwa ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kila siku nguvu ya ugonjwa ilipunguka. Kisha siku 14 ilikuwa karibu kuisha. Mugonjwa angepigwa shindano ya ile iliyokauka zaidi kwanza, halafu kila siku ile yenye nguvu kidogo zaidi, mpaka mwili uzoee kupigana.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mumoja wa Alsace alimuletea mutoto wake, Joseph Meister, miaka 9. Siku mbili mbele, imbwa alikuwa amemuuma mara nyingi. Pasteur hakuwa na ruhusa ya kupiga shindano, basi munganga Grancher njo alipiga, mara 13 mu siku kama kumi. Mutoto alipona. Mwezi wa Machi 1886, watu 19 walioumwa na imbwa wa pori walifika Paris kutoka Smolensk, mu Urusi. Watatu walikufa, 16 wakarudi kwao wazima. Tusiseme dawa ilishinda kila mara: mutoto mwanamuke mumoja, aliyeletwa zaidi ya mwezi kisha kuumwa, alikufa. Lakini mutu akianza tu kuogopa maji na kutetemeka juu ya ugonjwa ule, karibu hakuna anayepona, hata leo. Mwaka 1888 Institut Pasteur ilifunguliwa mu Paris. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895.

Sasa ile hatari. Tangu miaka ile ya mwisho ya Pasteur, waganga waliona kitu cha ajabu. Wagonjwa wachache, kisha kupata mashindano mengi, miguu ililegea, mukojo ukafunga, na wengine walikufa. Na kati yao walikuwako walioumwa na imbwa asiyekuwa na wazimu hata kidogo. Waganga waligombana: ni virusi ya ndani ya dawa? Ao ni kitu kingine? Paul Remlinger, aliyeongoza Institut Pasteur ya Tangier, alikusanya hesabu ya wagonjwa vile kutoka nchi nyingi. Hakuzificha.

Jibu lilipatikana New York, miaka ya 1930. Munganga Thomas Rivers na wenzake walichukua ubongo wa sungura wazima, wasio na ugonjwa wowote, wakaupiga mu miili ya nyani mara nyingi. Nyani wengi wakalegea miguu. Hapakuwa virusi hata moja. Kosa lilikuwa ule ubongo wenyewe.

Mutu wa mugodi ataelewa upesi. Waya ya umeme iko na kifuniko cha plastiki. Kikitoboka, umeme unapotea njiani na mashini inasimama. Mishipa yetu ya fahamu pia iko na kifuniko chake, cha mafuta, na kile cha sungura kinafanana sana na cha mutu. Ukiingiza cha sungura mu mwili mara nyingi, askari wa mwili wanafundishwa kwamba ni adui. Halafu wanageuka, wanaanza kutafuna kifuniko cha mwenyewe. Njo maana ya ugonjwa ambamo mwili unajipiga wenyewe.

Basi chanjo ya zamani ilikuwa na vitu viwili ndani ya chupa moja: virusi iliyofundisha mwili kupona, na ubongo wa nyama ulioharibu watu wachache. Pasteur hakuwa na njia ingine ya kukuza virusi. Waliokuja nyuma yake waliipata: leo virusi inakuzwa ndani ya chembe ndogo mu maabara, inauawa, inasafishwa. Ubongo hauko tena ndani. Wazee wanaokumbuka mashindano mengi ya tumbo wanakumbuka dawa ya zamani. Ya leo ni chache, zinapigwa mu mukono.

Kuna jambo moja zaidi. Ugonjwa wenyewe nao unaweza kugeuza askari wa mwili. Surua, kwa mufano, inawasha ubongo wa mutoto kama mumoja kati ya 1000 wanaoipata, na mara nyingi ni juu mwili unapiga mishipa yake wenyewe. Kwa chanjo ya surua hatari ile ni ndogo sana kuliko vile. Mwenye kukataa shindano juu ya kuogopa mwili kujipiga, anaweza kumuacha mutoto wake karibu zaidi na hatari ileile.

Baba, mama, imbwa akiuma mutoto, mu cité ao kule wanapochimba, usitafute chuma chekundu, usingojee kuona kama imbwa atakufa. Osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu peleka mutoto hospitali siku ileile kwa chanjo. Ukiwa na woga, uliza munganga dawa inatengenezwa namna gani. Ni ulizo zuri. Watu waliouliza vile njo walisafisha chupa ya Pasteur.